Mti wa kwanza si wa kula: kuchagua miti ya kufufua ardhi iliyochimbwa hapa Pwani

Machimbo ya titaniamu ya Kwale yalisimama Desemba 2024, baada ya kazi iliyoanza mwaka 2013. Tangu hapo, kila baraza ninaloketi upande wa Msambweni huishia kwenye swali moja: ardhi hii itarudi kwa nani? Ni swali la haki na silidharau. Lakini lipo swali la pili ambalo husikika mara chache sana, nalo ni hili: ikisharudi, itaota nini? Wala si Kwale peke yake. Kilifi kuna matimbo ya mawe ya matumbawe tunayojengea nyumba, kuna machimbo ya kokoto, kuna mashimo ya udongo na ya mchanga. Mengi yameachwa wazi, kuta zimesimama wima, maji ya mvua yametuama chini, na wenyeji wamezoea kuzunguka kando yake kana kwamba Mungu ndiye aliyeyaweka hapo.

Jibu linalokuja haraka ni miembe na mikanju. Ukiuliza mtu wa Pwani anataka mti gani, atakutajia unaomlisha, na hana kosa. Wageni rasmi nao huja na miche ya miembe iliyopandikizwa, wanapiga picha, wanaondoka. Tangu serikali itangaze mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, shughuli za namna hiyo zimekuwa nyingi. Mwembe ni mti mzuri kwenye udongo wake. Kwenye sakafu ya timbo, au juu ya mchanga uliokamuliwa madini, unapandishwa ngazi ambayo vidato vyake vya chini vimeng'olewa. Pale kwanza panahitaji mti wa kazi, mti wa kutengeneza udongo. Wa kula unafuata zamu yake. Makala hii ni ya kusaidia kuuchagua huo wa kwanza.

Kilichopotea ni nini hasa

Ardhi nzuri ina vitu vinne ambavyo mchimbaji huviondoa kwa mpigo mmoja. Kuna mboji, yaani mabaki ya majani na mizizi yaliyooza yakawa meusi, ambayo hushika maji na chakula cha mmea. Kuna naitrojeni, ambayo karibu yote hukaa ndani ya mboji hiyo hiyo; mboji ikienda, naitrojeni imeenda. Kuna viumbe: minyoo, majongoo, mchwa, kuvu na bakteria. Na kuna mpangilio wenyewe wa udongo, vile punje zinavyoshikana na kuacha nafasi za hewa na maji.

Ndiyo sababu wataalamu husisitiza udongo wa juu ukwanguliwe na kuwekwa kando kabla ya kuchimba, kisha urudishwe. Udongo huo una mbegu, mizizi na vijidudu vyake. Lakini ukirundikwa kilima kirefu na kuachwa miaka mingi, ndani hukosa hewa na uhai wake hufifia. Kinachorudishwa kinakuwa na rangi ya udongo tu. Bora lundo fupi, lililofunikwa na nyasi au mimea ya kunde, na lisikae muda mrefu. Kama mnazungumza na mchimbaji ambaye bado hajaanza kazi kijijini kwenu, hili ndilo sharti la kwanza la kuandikisha, kabla hata ya kuzungumzia miti.

Jeraha la mwamba na jeraha la mchanga

Watu husema "ardhi iliyochimbwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Hapa kwetu ziko namna mbili kubwa, na mti unaofaa huku unaweza kufa kule.

Ya kwanza ni timbo la matumbawe. Hapo mnabaki na jiwe la chokaa, jeupe, linalorudisha joto usoni kama kioo. Udongo hakuna. Chokaa hufanya chuma, zinki na fosforasi zijifungie: zipo, lakini mzizi hauzipati. Dalili yake utaiona kwenye majani machanga yanayogeuka manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Aghalabu maji ya chini hayako mbali, na karibu na bahari maji hayo yana chumvichumvi. Kwa hivyo mti unaopandwa hapo lazima uvumilie chokaa, joto na chumvi kwa pamoja. Mkanju haupendi chokaa. Parachichi ndiyo kabisa, usijisumbue.

Ya pili ni mchanga uliokamuliwa, kama wa Kwale. Kule vilima vya mchanga mwekundu vilichotwa, vikachanganywa na maji, na mitambo ikatenganisha kwa uzito: madini mazito (ilmenaiti, rutaili na zirkoni) upande wake, mchanga mtupu upande wake, na lile tope laini la mfinyanzi likapelekwa kwenye bwawa lake. Fikiria maana yake kwa mkulima. Ule mfinyanzi kidogo uliokuwa umeshikilia punje za mchanga ndio uliokuwa ukishika maji na mbolea. Ukishatolewa, kinachobaki kinapitisha maji kama chujio la nazi. Mvua ya leo kesho imeshapita chini ya mizizi, na mbolea ya dukani huondoka nayo. Kwa ardhi ya namna hii, dawa ya kwanza haiko kitaluni: ni kuurudisha mfinyanzi, kuuchanganya tena na mchanga, kisha udongo wa juu, kisha samadi. Mti unakuja baada ya hapo.

Ipo namna ya tatu ambayo nitaitaja kwa ufupi kwa sababu ni ya hatari. Palipochimbwa risasi zamani, kama Kinangoni, jambo la kwanza ni kupima sumu. Hapo msipande cha kuliwa wala msikate majani ya mbuzi mpaka maabara iseme. Miti ya kufunika ardhi ili vumbi lisipeperuke inafaa. Shamba la mboga halifai.

Kujua jeraha lako si lazima uwe na digrii. Dondoshea siki au maji ya ndimu kwenye udongo; ukitoa povu, una chokaa. Chimba shimo la sentimita 60, mwagia ndoo ya maji, uone yanakaa au yanazama papo hapo. Tia udongo kwenye chupa ya maji, tikisa, ulaze usiku. Asubuhi mchanga utakuwa chini na mfinyanzi juu, na utaona kwa macho yako una kiasi gani cha kila kimoja. Hivyo ni vipimo vya kujua uanzie wapi. Kipimo cha maabara hakina badala yake, na KALRO wana vituo Matuga na Mtwapa wa kuulizwa.

Bamburi walivyofanya

Sote tumepelekwa Haller Park tukiwa wanafunzi, au tumewapeleka wanetu. Tumeona twiga, tumesikia hadithi ya Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baharini Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe aitwaye Mzee kuwa mama yake. Ni hadithi tamu. Lakini kwa mwenye shimo kijijini, kiumbe wa kuheshimiwa pale ni jongoo.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, na mawe ya chokaa yakachimbwa hapo hapo kando yake. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni hiyo, akaanza kujaribu kupanda miti kwenye sakafu ya timbo. Alijaribu aina 26. Zilizofaulu ni tatu: mvinje, mnazi, na mti uitwao damas, ambao asili yake ni pande za Somalia na Yemen. Nawaomba msome tena hesabu hiyo. Huyu alikuwa mtaalamu, ana kampuni nyuma yake, ana maji na vibarua, na bado aina 23 kati ya 26 zilimshinda. Ukiona mradi wa kijiji unaanza kwa kupanda aina moja ekari kumi siku moja, ujue hapo hakuna aliyejaribu chochote.

Kwa nini mvinje? Si mti wa jamii ya kunde, lakini mizizi yake ina vinundu ambamo hukaa bakteria waitwao Frankia. Hao huvuta naitrojeni kutoka hewani na kuugawia mti, nao mti huwalisha sukari. Kwa hivyo mvinje unaweza kuishi pasipo na mboji kabisa. Unavumilia chumvi na upepo wa bahari, na unakua upesi.

Lakini kulikuwa na tatizo. Zile sindano za mvinje, ambazo kwa kweli ni vijitawi, zina utomvu mkali unaozifanya zisioze kwa haraka. Zilianguka zikarundikana kavu chini, na udongo haukutokea. Miti ilikuwa imesimama, ardhi bado imekufa. Hapo ndipo majongoo wenye miguu myekundu, hawa hawa wanaojaa uani kwetu wakati wa mvua, walipoonekana wakizila zile sindano. Wakaletwa kwa wingi. Jongoo anakula sindano, anatoa kinyesi, bakteria wanakimalizia kinyesi hicho, na mboji inapatikana. Baada ya mboji kuanza, miti mingine ikaweza kupandwa, ndege wakaja na mbegu zao, wanyama wakafuata. Njia za matembezi zilifunguliwa kwa umma mwaka 1984.

Somo nilipendalo hapa ni kuwa mti peke yake haukutosha. Mti ulileta majani, na palihitajika mwenye kuyala. Yeyote anayepanda mivinje kwenye timbo na kufagia chini yake ili "pawe safi", au kuchoma sindano, au kupiga dawa ya kuua majongoo, anakata kazi katikati. Pwani tuna mapenzi ya ua uliofagiwa. Ufagio huo uishie mlangoni.

Basi tuchague

Kwa timbo la matumbawe, mvinje ndio wa kuanzia. Jambo ambalo watu wengi hulisahau ni kwamba mche wa mvinje ulioota kwenye mchanga safi wa kitalu unaweza kuwa hauna Frankia. Chukua udongo wa chini ya mvinje mkubwa wenye afya, pamoja na vinundu vya mizizi yake ulivyoviponda, uchanganye kwenye vifuko vya miche. Haigharimu kitu. Mche wenye vinundu na usio navyo hutaona tofauti kitaluni. Utaiona ukishaupeleka kwenye mwamba.

Ujue pia udhaifu wake. Mvinje ukikatwa hauchipui vizuri kutoka kisikini, kwa hivyo anayevuna nguzo lazima apande upya. Na mivinje iliyobanana hufunika chini kwa kivuli na sindano hata kitu kingine kisiote. Watu wa Kilifi wanaoilima kwa ajili ya nguzo za kujengea wanalijua hilo. Kwa anayetaka udongo, mpango ni kupanda karibukaribu, mita mbili na nusu hivi, halafu kupunguza: kata mmoja katika kila mitatu, uza nguzo, na katika nafasi iliyopata mwanga ingiza mti wa zamu ya pili. Hapo pana fedha kidogo ya kuwalipa vijana walinzi, jambo ambalo miradi mingi hukosa.

Mnazi nao unakubali mchanga wa matumbawe na chumvi kidogo, bora mizizi yake ifikie maji yasiyotuama. Lakini mnazi haujengi udongo. Uuchukulie kama mgeni mvumilivu: atakaa, hatalalamika, ila hatafanya kazi ya nyumba.

Kwa mchanga wa Kwale ningeanza tofauti kabisa. Msimu wa kwanza nisingepanda mti hata mmoja. Ningepanda kunde na mbaazi, pamoja na nyasi za kushika mchanga usisombwe. Kunde hutambaa na kufunika, mbaazi husimama miaka miwili au mitatu na kushusha mizizi mirefu, zote zina vinundu, na majani yake huoza upesi. Usizing'oe. Vuna ukitaka, lakini mabua na mizizi ubaki palepale. Mama zetu wanajua kulima mbaazi kuliko mtaalamu yeyote atakayeletwa kwa gari, na hii ni sehemu ya kazi ambayo ingepasa wao ndio wawe wasimamizi.

Halafu ndipo miti. Gliricidia ni mti ambao ningeupa nafasi kubwa kwenye mchanga. Hupandwa kwa kuchomeka kijiti wakati wa mvua, huvuta naitrojeni, hukatwa na kuchipua tena mara nyingi, na majani yake huoza upesi sana, kinyume na ya mvinje. Unakata matawi, unayalaza chini ya mikanju au miembe uliyoipanda kati yake, na kila mkato ni gunia la mbolea usilonunua. Haukutoka Afrika, lakini umekaa nasi muda mrefu na mkulima anautawala kwa panga. Migunga ya kienyeji nayo hufaa palipo pakavu. Mpingo pia una vinundu, ingawa hukua polepole mno. Huo tunapanda kwa ajili ya wajukuu.

Hapa kuna kosa linaloandikwa hata kwenye vipeperushi: kwamba kila mti unaozaa maganda huongeza naitrojeni. Sivyo. Mkwaju hauna vinundu. Mbambakofi hauna. Mjohoro, unaopandwa kila shule, hauna. Mrihi wa Arabuko-Sokoke hauna. Wenyewe, kama mbambakofi, hushirikiana na kuvu maalumu mizizini, na bila kuvu hizo hudumaa. Hiyo ni miti mizuri sana, lakini ni ya zamu ya pili. Ukitaka kujua mti wako una vinundu, ng'oa mche mmoja, osha mizizi, utazame. Vikiwepo, pasua kimoja: kinachofanya kazi ndani huwa chekundu au cha waridi kwa jamii ya kunde. Cheupe au cha kijivu bado hakijafanya kitu.

Miti ya kuogopa

Mathenge. Wenzetu wa Tana River hawahitaji kuelezwa. Uliletwa kwa nia njema ya kufunika ardhi kavu, ukafunika malisho, njia za mifugo na kingo za mito. Unavumilia chumvi, unavuta naitrojeni, kwenye karatasi unapendeza. Usiulete.

Lusina uko katikati. Unapenda chokaa, una vinundu, mbuzi wanaupenda, lakini humwaga mbegu kwa wingi na kugeuka kichaka kisichotoka. Anayeweza kuukata kila mwaka kabla haujazaa, sawa. Nawajua wachache wenye subira hiyo.

Mwarobaini utanikosanisha na wengi. Ni dawa, ni kivuli, ni mti wa nyumbani, na timbo la matumbawe hauliogopi. Lakini ndege na popo hubeba mbegu zake hadi kwenye misitu yetu na huko unaota pasipotakiwa. Uani, barabarani, sawa. Shimo lililo jirani na msitu wa kaya, hapana.

Na mkaratusi: hukua haraka, huuzwa, lakini hunywa maji mengi na majani yake hayasaidii mimea ya chini. Ukitaka mbao, pana njia. Ukitaka udongo, umekosea duka.

Zamu ya pili na msitu wa kaya

Kivuli kikishapatikana na chini pakawa pananyevunyevu, hapo ndipo pa mbambakofi, mkwaju, msandarusi, mkoma, mbuyu na mikuyu. Mkuyu nautilia mkazo. Ukizaa, hondohondo, njiwa na popo watakuja, na kila mmoja atakuja na mbegu tumboni. Mikuyu michache iliyotawanywa inafanya kazi ya kitalu kizima bila mshahara.

Mbegu za miti hii ya asili ziko kwenye kaya, misitu ambayo wazee wa Kimijikenda waliilinda na ambayo baadhi yake UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2008. Kuchukua mbegu huko bila ruhusa ya wazee ni utovu wa adabu, na pia ni ujinga, kwa sababu wao ndio wanaojua mti upi huzaa mwezi gani na upi hauotoki mpaka mbegu ikwaruzwe au ilowekwe. Nendeni na ombi, si na gunia. KEFRI wana kituo Gede, na huko pia mnaweza kuuliza mbegu na njia za kuziotesha.

Kazi yenyewe

Shimo la mche kwenye mwamba liwe pana na lijazwe mboji, samadi iliyoiva na udongo mwekundu kidogo, na chini uvunjwe ule ukoko mgumu ili mzizi upite. Mche uwekwe chini kidogo ya uso wa ardhi, maji yaelekee kwake. Kwenye mchanga fanya kinyume cha mazoea: usimwagilie kidogo kila siku. Mwagilia maji mengi kwa nafasi, kisha funika kwa majani makavu, makuti au mabua unene wa kiganja, mbali kidogo na shina.

Kuta wima za matimbo ni lazima zilazwe kabla ya yote. Hakuna mti unaoshikilia ukuta wa mawe uliokatwa kwa mashine, na watoto wamezama kwenye mashimo haya. Mkilaza kuta, pandeni nyasi za mizizi mirefu kama vetiva kufuata mikondo ya mteremko, halafu miti nyuma yake.

Mbuzi. Naweza kuandika kurasa kumi kuhusu bakteria, na mbuzi watano wakamaliza habari yote kwa asubuhi moja. Ua wa mnyaa husaidia, lakini makubaliano ya wafugaji husaidia zaidi, na makubaliano hayo yafanywe kabla ya mche wa kwanza kuletwa, wafugaji wakiwemo kwenye kikao tangu mwanzo. Mkiwaahidi majani ya gliricidia yatakayokatwa miaka ya mbele, timizeni.

Na hesabu. Msihesabu miche siku ya kupanda. Hesabuni ile iliyo hai baada ya kaskazi ya pili kupita, maana mche unaweza kuvumilia kiangazi kimoja kwa udongo wa kifuko chake na kufa cha pili. Nikiwa na uwezo, ningeondoa idadi ya miche iliyopandwa kwenye ripoti zote na kubakiza hiyo moja.

Upande wa sheria, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni awe na mpango wa kuirejesha ardhi na aweke dhamana ya fedha kwa kazi hiyo, na mawe ya ujenzi pia ni madini kwa sheria hiyo. Sheria hiyo hiyo inaipa jamii asilimia 10 ya mrabaha. Kwa hivyo mwananchi ana haki ya kusimama barazani na kuuliza: mpango uko wapi, tuusome, udongo wa juu umewekwa wapi na una kina gani, mfinyanzi utarudishwa au utaachwa bwawani, aina zipi za miti zimejaribiwa na ngapi zimeishi, na baada ya mwenye mradi kuondoka, nani atalipa mlinzi wa miche? Ukijibiwa kwa picha ya kiongozi ameshika jembe, uliza tena.

Kwa wale walio tayari kuanza na shimo lao wenyewe, kalenda ni hii. Miche ya mvinje huhitaji miezi kadhaa kitaluni, minne hadi sita au zaidi kidogo, na lazima iingie ardhini masika yanapoanza, mwezi wa Aprili, udongo ukiwa umeshalowa. Kwa hivyo mbegu zisiwe zimechelewa kupita Oktoba au Novemba. Mbegu za mvinje ni nyepesi mno, huchukuliwa na upepo na wadudu chungu huzibeba, basi zisiwe kwenye kitalu kilicho wazi. Vuli hiyo hiyo panda mbaazi na kunde mahali pa miti, na ukipita chini ya mvinje wowote mkubwa baada ya mvua, beba ndoo.